Watakatifu wa Mwaka wa 1964

Neno letu «utakatifu» ni mtoto wa neno «kutakata». Nguo ikifuliwa vizuri na kuanikwa juani, inatakata. Mawingu yakiondoka kiisha mvua, mbingu inatakata. Basi mkristu wetu akisikia kwamba fulani ni mtakatifu, anawaza mara moja: huyo ni mtu asiye na doa. Kiisha anawaza neno la pili: mimi si mtakatifu, wala sitakuwa, kwa maana madoa yangu nayajua mwenyewe. Kwa watu wengi shauri linaishia hapo. Utakatifu wanauacha kwa mapadri, kwa masista, na kwa wale waliokufa zamani.

Waisraeli wa Agano la Kale hawakuanza na sabuni. Neno lao «kadosh» huonyesha kwanza kitu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu: siku moja katika juma, kikombe cha hekalu, taifa moja kati ya mataifa. Kikombe hicho chaoshwa, ndiyo, lakini chaoshwa kwa sababu ni cha Mungu. Hakikuwa cha Mungu kwa sababu kimeoshwa. Mtume Paulo akiwaandikia wakristu wa Korinto anawaita watakatifu tangu mwanzo wa barua. Nao ni watu wa namna gani? Wamegawanyika kwa vikundi. Wanashtakiana mbele ya waamuzi wapagani. Mmoja wao anaishi na mke wa baba yake. Katika karamu ya Bwana wengine wanalewa, na karibu nao wengine wanakaa na njaa. Paulo anawakaripia kwa maneno makali, lakini jina lile hawanyang'anyi. Kwa ubatizo wamekwisha kuwa mali ya Mungu. Iliyobaki ni kuishi kama mali ya Mungu, na hiyo ndiyo kazi ya siku zote.

Twataka kutazama jinsi jina hilo lilivyoondoka mikononi mwa wakristu wote na jinsi lilivyorudi. Katika nchi yetu ya Kongo kurudi kwake kulionekana kwa damu, katika majuma machache ya mwisho wa mwaka wa 1964.

Mambo ya karne za kwanza tutayapita upesi, kwa maana yanafundishwa darasani. Waliotangulia kuheshimiwa kwa namna ya pekee ni mashahidi. Polikarpo, askofu wa Smirna, alipochomwa moto karibu na mwaka 155, wakristu wake waliokota mifupa yake, wakaiweka mahali pa heshima, wakapatana kukutana pale kila mwaka siku ya kifo chake. Siku hiyo waliiita siku ya kuzaliwa kwake. Wakristu walipopata ruhusa ya kusali mbele ya watu wote mwaka 313, mashahidi walipungua, na watu wakatafuta mashahidi wa namna nyingine: Antoni wa jangwa la Misri, aliyekufa mwaka 356, na Martino askofu wa Tours, aliyekufa mwaka 397 pasipo kuuawa na mtu. Kwa muda mrefu waamini pamoja na askofu wao ndio waliokuwa wakitangaza nani ni mtakatifu. Mwaka 993 Papa Yoane wa XV alimtangaza Ulriko, askofu wa Augsburg. Ndiye wa kwanza tunayejua kwa hakika kwamba alitangazwa na Papa. Mwaka 1234 sheria za Papa Gregorio wa IX ziliweka shauri hilo mikononi mwa Roma peke yake, na katika karne ya 17 Papa Urbano wa VIII akaongeza masharti makali zaidi.

Hatuzilaumu sheria hizo. Zilizuia uongo mwingi, pamoja na biashara ya mifupa isiyojulikana mwenyewe. Lakini pamoja na faida ilikuja hasara. Mtakatifu akawa mtu wa mbali. Picha yake iko juu ukutani, jina lake liko katika kalenda, miujiza yake inaandikwa katika karatasi za Roma, na maisha yake mara nyingi yamepita ndani ya monasteri. Mkulima alimwomba msaada wakati wa ugonjwa, hakufikiri kumfuata. Fransisko wa Sales aliona hatari hiyo. Mwaka 1609 alitoa kitabu kwa ajili ya mtu anayekaa duniani, akimwita Filotea, ili kumwonyesha kwamba askari, fundi na mtu mwenye ndoa wanaweza kumpenda Mungu kabisa mahali pao. Na Tereza wa Mtoto Yezu, mtawa wa Lisieux aliyekufa mwaka 1897 mwenye miaka 24, alifua nguo, alifagia, alivumilia mwenzake wa tabia ngumu, na mengine hayakuonekana. Papa Pio wa XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, kiisha mwaka 1927 akamfanya msimamizi wa misioni, yeye ambaye hakufika hata siku moja katika nchi ya misioni.

Nasi tuliolelewa katika seminari tulisikia maisha ya hao wote mezani, wakati mwenzetu mmoja akisoma kwa sauti na sisi tukila maharagwe kimya. Tulipenda masomo hayo. Lakini tukubali kwamba yalitupa pia wazo moja la hila, ambalo hakuna mwalimu aliyetufundisha: kwamba kuvaa kanzu ni kupanda ngazi ya kwanza ya utakatifu, na kwamba ndugu zetu waliobaki kijijini wamebaki chini. Kanzu ile ile tulikuwa tunaifua kila siku ya posho, maana ilichafuka sawa na nguo za wengine.

Sasa tufike mwaka wa 1964.

Tarehe 18 Oktoba, siku ya Dominika, Papa Paulo wa VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda. Maaskofu wa dunia nzima walikuwa Roma kwa ajili ya Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa pili. Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 walikuwa watumishi wa nyumba ya mfalme. Hapakuwa kati yao padri wala bruda hata mmoja. Mmisionari wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, alikuwa amefika kwao mwaka 1879 tu. Kizito, kijana wa miaka kama 14, alibatizwa na Karoli Lwanga mwenyewe usiku, maana walijua kwamba asubuhi wataitwa mbele ya mfalme. Alikuwa mkristu kwa muda usiozidi majuma mawili. Ukiupima utakatifu kwa miaka ya malezi, huyu hana kitu.

Katika Mtaguso wenyewe shauri la utakatifu lilileta mabishano. Palikuwa na mashauri ya kuandika sura moja tu, ambamo utakatifu na maisha ya watawa vingekuwa pamoja. Wengine walikataa. Walisema: tukiviunganisha hivyo, watu watafikiri tena kwamba utakatifu ni kazi ya watawa. Kura zilipigwa, na sura zikawa mbili. Hivyo katika Konstitusio juu ya Kanisa, inayoanza kwa maneno «Lumen gentium», sura ya tano yanena juu ya mwito wa wote kwenye utakatifu, na baadaye tu, katika sura ya sita, watawa wanapata mahali pao. Tarehe 21 Novemba 1964 maaskofu 2151 walikubali maandiko hayo yote, watano tu walikataa, na Papa Paulo wa VI akayatangaza. Sura ya tano inawataja maaskofu na mapadri, lakini haiishi hapo: inawataja wenye ndoa, wajane, wenye kazi nzito za mikono, wagonjwa na maskini. Kila mmoja anaambiwa kwamba hali yake si kizuizi, bali ndiyo njia yake.

Wakati ule ule Kongo ilikuwa inawaka moto. Simba walikuwa wameshika sehemu kubwa ya mashariki. Tarehe 24 Novemba, siku tatu baada ya kura ya Roma, askari wa Ubelgiji walishuka kutoka angani juu ya Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, na hasira ya Simba ikageukia watu waliokuwa bado mikononi mwao. Tarehe 26 Novemba askofu wa Wamba, Joseph Wittebols, aliuawa.

Tarehe 28 Novemba ilikuwa zamu ya Baraka na Fizi. Baraka iko kando ya ziwa Tanganyika, Fizi iko juu mlimani. Huko Baraka Bruda Vittorio Faccin, Mtaliani wa shirika la Waxaveri, alipigwa risasi mbele ya nyumba ya misioni. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akisikiliza maungamo ya watu. Alitoka, akaambiwa apande gari. Hakupanda, alipenda kufa pale pamoja na ndugu yake, akapiga magoti karibu na maiti, naye akauawa. Giza lilipoingia, wauaji walipanda Fizi. Padri Giovanni Didonè alifungua mlango, akapigwa risasi, na pamoja naye akaanguka Padri Albert Joubert, mzaliwa wa Mrumbi upande wa Moba, wa jamaa ya Kapiteni Joubert aliyekuwa zamani askari wa Papa. Waxaveri watatu hawakufikia miaka 35. Padri Joubert alikuwa na miaka 56, na mama yake alikuwa Mwafrika. Alikuwa amepita njia ya upadri katika nchi ile ile ya Moba ambapo Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu, alipewa upadri mwaka 1917. Hao wanne walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Siku moja baada ya mauaji ya Baraka, mbali sana kaskazini, Simba walifika katika konventi ya Bafwabaka, wakawapakia masista wote katika kamio. Kati yao alikuwamo Sista Mari-Klementina Anuarite Nengapeta, wa shirika la Jamaa Takatifu, mzaliwa wa upande wa Wamba, mwenye miaka 24. Twasoma katika maisha yake kwamba kamio ile haikuwa ya kwanza kwake. Alipokuwa msichana, mama yake hakutaka aende utawani. Siku moja kamio ilikuja kuwachukua wasichana waliokuwa wanakwenda Bafwabaka, naye akapanda pasipo kumwambia mtu. Kamio ya kwanza aliipanda kwa kupenda kwake, ya pili kwa kulazimishwa. Kati ya kamio hizo mbili kulikuwa na miaka ya kupika, ya kufundisha watoto, ya kutunza vyombo vya kanisa, na ya kuwakaripia wenzake kidogo walipokuwa wavivu, kwa maana hakuwa mtu wa kunyamaza daima. Alikuwa na neno lake la siku zote: kutumikia na kufurahisha wengine.

Huko Isiro kolonele mmoja wa Simba alitaka kumfanya mke wake. Alikataa. Mkubwa wa masista alijaribu kumkinga, lakini hakuweza. Kolonele mwingine alimpiga yeye na sista mwenziwe kwa kitako cha bunduki, mpaka mkono wa mwenziwe ukavunjika. Wakati wa kupigwa, Anuarite alimwambia mpigaji wake kwamba anamsamehe, kwa maana hajui anachofanya. Kiisha alichomwa kwa singe na kupigwa risasi. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964. Toka kura ya Mtaguso zilikuwa zimepita siku kumi.

Hatusemi kwamba masista wa Bafwabaka walikuwa wamesoma sura ya tano ya «Lumen gentium». Katika siku zile hata barua hazikufika. Twasema tu kwamba Kanisa la Roma liliandika jambo kwa wino, na kabla wino haujakauka sawasawa, Kanisa la Kongo lilikuwa limekwisha kuliandika kwa namna nyingine.

Hapa waseminari wetu huuliza swali gumu, nao wana haki. Wanasema: mashahidi hao ni mapadri, bruda na sista. Tena walikufa kwa risasi. Utakatifu wao wawahusu nini watu wa kawaida, ambao hawana nadhiri na watakufa kwa malaria?

Kwa neno la kwanza yatubidi kurudi nyuma miaka 55, katika misitu ya Ekwateri. Isidori Bakanja hakuwa na nadhiri wala masomo. Alikuwa kijana wa Kimongo aliyetoka kijijini kutafuta kazi, akawa msaidizi wa wajenzi Mbandaka. Huko alikutana na Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapewa rozari na skapulari ya Mama wa Karmeli. Aliambiwa kwamba skapulari ni alama ya mkristu, naye akaivaa kama alama ya mkristu. Hakuweka elimu kubwa juu yake. Kiisha alikwenda kufanya kazi ya boyi kwa mzungu mmoja wa kampani ya mpira na pembe, akafuatana naye mpaka shamba la Ikili. Hapakuwa na misioni karibu. Jioni, kazi ikiisha, aliwafundisha wenzake sala. Meneja wa mahali pale alichukia dini ya mapadri. Alimwambia aache kufundisha, kwa maana watu watasali na hakuna atakayefanya kazi. Alimwambia avue skapulari. Bakanja hakuivua. Mwezi wa Februari 1909 meneja aliamuru apigwe viboko. Kiboko kilikuwa cha ngozi ya tembo, chenye misumari. Mgongo wote ukawa kidonda kimoja.

Watu wanaijua habari hiyo mpaka hapo, na wengi huishia hapo. Lakini Bakanja hakufa siku ile. Alikufa mwezi wa Agosti. Tuhesabu vizuri: miezi sita. Mkaguzi wa kampani alipokuja, Bakanja alijikokota kutoka alikofichwa msituni ili aonekane, na mkaguzi akaogopa kwa kuona mgongo ule. Alichukuliwa, akatunzwa na wakristu wenzake. Aliomba kwamba mama yake, mwamuzi na padri waambiwe kuwa anakufa kwa sababu ni mkristu. Mwishoni mwa Julai mapadri wawili walifika, wakamwungamisha, wakampa Mpako na Komunyo. Walimsihi amsamehe meneja. Akajibu kwamba amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa na rozari mkononi na skapulari shingoni. Papa Yoane Paulo wa II alimtangaza mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994, siku moja na mama mmoja daktari wa Italia, Gianna Beretta Molla, na mama mwingine wa Roma, Elisabetta Canori Mora. Tazameni safu hiyo: boyi mmoja na akina mama wawili wa nyumba. Hakuna kanzu hata moja.

Juu ya neno la pili, yaani kifo, tusiseme upesi. Mafundisho ya Kanisa ni wazi: shahidi hahitaji kuonyesha kwamba maisha yake ya zamani yalikuwa ya fadhila za ajabu. Papa Benedikto wa XIV, aliyeandika kwa urefu juu ya mambo haya alipokuwa bado si Papa, alieleza hivyo. Mwizi wa msalabani alipata yote kwa saa moja. Hatuwezi kulikataa jambo hilo, wala hatutaki, kwa maana ni tumaini letu.

Lakini twaona hatari katika nchi yetu. Kongo haikosi vifo. Tumeona vita vingi, na makaburi ya jumla, na watu waliokufa ndani ya kanisa walimokimbilia. Tukizoea kusema kwamba utakatifu ni kufa vizuri, tutakuwa watu wanaongojea siku kubwa moja na kuzitupa siku ndogo zote. Mkristu ataiba dawa za hospitali leo, huku akijiambia kwamba, Simba wakirudi, hatamkana Kristu. Twadhani atamkana. Au tuseme vizuri zaidi: amekwisha kumkana, wala hapakuwa na mtu wa kumtisha.

Twasema hivi kwa kutazama msamaha wa hao wawili. Msamaha ni tendo lililo kinyume cha damu yetu; mtu akipigwa, mkono wainuka wenyewe. Anuarite alisamehe wakati anapigwa. Hakupata nafasi ya kufikiri. Neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa limelala humo siku nyingi, kwa sababu ya kulitumia katika mambo madogo, pale jikoni na pale darasani. Na Bakanja alikuwa na nafasi ya kufikiri kupita kiasi. Kila asubuhi kwa miezi sita nguo ilipobandukana na kidonda, alikuwa na sababu mpya ya kumlaani meneja. Wakati mapadri walipomwuliza, hakusema «nitajaribu». Alisema amekwisha. Sisi twafahamu kwamba alikuwa amesamehe mara nyingi sana kabla ya kuulizwa, na kwamba mara nyingine, usiku, labda alilazimika kuanza tena. Hayo hayakuandikwa na mtu; ni fikira yetu. Lakini aliyewahi kusamehe jambo moja kubwa atatuelewa.

Papa Yoane Paulo wa II alipomtangaza Anuarite mwenyeheri huko Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, alisema kwamba yeye naye, kwa jina la Kanisa lote, anamsamehe yule aliyemwua. Wakristu wengine walistaajabu, na wengine hawakufurahi. Walitaka heshima kwa sista, si huruma kwa kolonele. Lakini heshima hiyo haitengani na huruma ile. Ukiondoa msamaha, inabaki habari ya msichana aliyeuawa na askari, na habari za namna hiyo, kwa huzuni kubwa, tunazo nyingi.

Yafaa tutaje mmoja tena, kwa maana yuko karibu nasi kwa miaka na kwa lugha. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria katika chuo kikuu cha Goma. Alikuwa mmoja wa jumuiya ya Sant'Egidio, na pamoja na wenzake aliwakusanya watoto wa njiani, wale tunaowaita maibobo, akawapa chakula na kuwafundisha kusoma. Kiisha masomo alipata kazi ya serikali, kazi ambayo vijana wengi wangeitamani: kuchungua mali inayoingia mpakani na kusema ipi ni nzuri, ipi imeoza. Wenye kazi hiyo hawapati njaa. Matabishi huja yenyewe mpaka mezani, kwa heshima, ndani ya bahasha, na anayekataa huonekana kuwa mtu wa kiburi.

Watu walimletea fedha ili aache mchele ulioharibika upite. Akakataa. Waliongeza fedha, akakataa tena. Alizungumza na sista mmoja juu ya shauri hilo, akamweleza wazo lake: fedha hizo zitakwisha upesi, lakini watu watakaokula mchele ule watakuwaje? Na tena alijiuliza kama anaishi kwa Kristu au sivyo. Tarehe 7 Julai 2007 alikamatwa njiani na watu wasiojulikana. Tarehe 9 maiti yake ilionekana. Alikuwa na miaka 26.

Katika shauri la namna hii mtu anaweza kubisha, na wengine walibisha. Je, aliuawa kwa chuki ya imani? Wauaji hawakumwambia amkane Kristu. Hawakumwambia avue skapulari. Walitaka muhuri tu juu ya karatasi. Roma ilichungua miaka mingi, na mwezi wa Novemba 2024 Papa Fransisko alikubali kwamba ni shahidi kweli. Alikuwa amekwisha kuwasimulia vijana habari zake huko Kinshasa, katika kiwanja cha Mashahidi, tarehe 2 Februari 2023. Kwetu sisi uamuzi huo una uzito zaidi ya inavyoonekana. Kanisa limesema kwamba muhuri wa ofisi waweza kuwa mahali pa kumkiri Kristu au pa kumkana, sawa na sanamu ambazo Wakaisari waliwalazimisha wakristu kuzitolea ubani. Basi karani, mwalimu anayeuza pointi za mtihani, padri anayeshika sanduku la parokia, wote wanayo Namugongo yao, nayo iko mezani pao kila siku ya kazi.

Waseminari wengine watasema kwamba jambo hilo ni dogo mno, kwamba mchele si imani. Watakumbuka pengine kwamba Wakorinto nao walikaripiwa kwa ajili ya chakula: mmoja alishiba, mwingine alibaki na njaa, na Paulo aliona katika sahani zile dharau juu ya Mwili wa Bwana.

Watu wa Goma walitamani Floribert atangazwe mwenyeheri kwao, alikozaliwa na alikozikwa. Haikuwezekana, mwezi wa Januari 2025 mji ulikuwa umetekwa na waasi wa M23, na vita havikuisha. Sherehe ikafanyika Roma, tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za mji. Mama yake Floribert alikuwepo, pamoja na Wakongo wengi waliotoka huku na huku katika Ulaya, wakiimba. Chini ya altare kuu ya basilika ile liko kaburi la Mtume Paulo, yule aliyewaandikia watakatifu wa Korinto.